Masanja Analipa, Mama Anasafiri: Niliyojifunza Kuhusu Mteja wa Mfano Katika Usanifu wa Tovuti

Katika kazi ya kusanifu tovuti, sijaona karatasi inayoandaliwa kwa shangwe na kusahaulika upesi kama ile inayomweleza mteja wa mfano, yaani mtu wa kubuni anayepewa jina, makazi, shughuli na haja zake ili wanaotengeneza tovuti wawe na mtu mmoja wa kumfikiria badala ya umati usio na sura. Nimezikuta karatasi za namna hiyo katika ofisi nyingi za Dar es Salaam, zimechapwa kwa rangi na kubandikwa ukutani, na ni nadra sana kumkuta mtu akiitazama mojawapo kabla ya kuamua kitufe kikae wapi. Ninayoyaeleza hapa yanatokana na kazi moja, tovuti ya tiketi ya kampuni ya mabasi yaendayo mikoani, kwa sababu ni katika kazi hiyo nilipomwona mteja wa mfano akifanya lile aliloumbwa kulifanya, nalo ni kutusaidia kukata shauri.

Njia yenyewe ina umri wake. Alan Cooper, mtengenezaji programu wa Marekani, amesimulia kwamba mwaka 1983, alipokuwa akiandika programu ya kusimamia miradi, alizungumza na watu waliotarajiwa kuitumia, akiwamo mwanamke mmoja aitwaye Kathy. Kompyuta yake ilichukua muda mrefu kuiandaa programu hiyo kila alipoibadilisha, kwa hiyo yeye alitoka kutembea kwenye uwanja wa gofu, huku akijibizana na nafsi yake kana kwamba ndiye meneja wa miradi mwenye kazi kama ya Kathy, na katika majibizano hayo akatambua kipi kinahitajika na kipi ni mzigo tu. Mwaka 1999 akaieleza njia hiyo katika kitabu, ikaenea. Wengi walioipokea walichukua yale matembezi na kuacha mazungumzo yaliyoyatangulia. Cooper huyohuyo aliwaonya wenzake juu ya yule anayetajwa vikaoni kwa neno moja tu, “mtumiaji”, ambaye huvutika kama mpira: msanifu akitaka njia ya mkato, mtumiaji anageuka kuwa mjuzi wa kompyuta, akitaka kujaza maelezo, mtumiaji huyohuyo anageuka kuwa mgeni asiyejua lolote.

Kampuni iliyoniita ilikuwa na mabasi ya Dodoma, Singida, Shinyanga na Mwanza, na tovuti ilikuwa imekwisha kutengenezwa. Takwimu zake zilionyesha kwamba watu wanaingia, wanatafuta safari, wanachagua siti, wanafika kwenye fomu ya abiria, kisha wanatoka. Wakati huohuo simu ya ofisi ya tiketi haikupumzika. Mwenye kampuni alikuwa na jawabu lake, kwamba wateja wake si watu wa mtandao, na hoja hiyo ingeweza kuniridhisha hata mimi kama isingekuwa kwamba watu wasio wa mtandao hawafiki kwenye hatua ya kuchagua siti.

Nilipouliza tovuti ile ilisanifiwa kwa ajili ya nani, nikaletewa karatasi ya mteja wa mfano iliyoachwa na washauri wa masoko walionitangulia. Aliitwa Brian, umri wake miaka 29, afisa wa benki, mpenzi wa kahawa na muziki, mwenye simu ya bei ghali, mtu “anayethamini safari yenye starehe”. Picha yake ilikuwa ya kijana anayetabasamu mbele ya kompyuta mpakato, na nyuma yake kulikuwa na dirisha lililoonyesha miti iliyopukutika majani yote, jambo ambalo sijapata kuliona Posta wala Mikocheni.

Kwa karatasi kama hiyo nina kipimo changu. Naifuta sentensi moja na kujiuliza ni kitu gani kwenye ukurasa kitabadilika. Nilipoifuta kahawa, hakuna kilichobadilika. Nilipoifuta benki, hakuna. Nilipoifuta miaka 29, hakuna pia, kwa sababu mtu wa miaka 29 na mtu wa miaka 54 wakiwa wamesimama kituoni jioni, bando limebaki kidogo na basi linaondoka kesho alfajiri, wanahitaji ukurasa uleule. Umri, jinsia na kipato huwafaa wanaonunua matangazo. Msanifu anahitaji kujua mtu yuko katika hali gani anapofungua ukurasa, ametumwa na jambo gani, anahofia nini, na nani mwingine anategemea matokeo ya anachokifanya. Brian hakuwa na lolote kati ya hayo.

Kwa hiyo tuliomba ruhusa ya kukaa katika ofisi ya tiketi na katika kituo cha mabasi cha Magufuli kule Mbezi Luis, kilichofunguliwa mwaka 2021 kuchukua nafasi ya Ubungo, na kazi yetu hapo ikawa kusikiliza. Ningetakiwa kumpendekeza mwalimu mmoja tu wa somo hili, ningemchagua mkatisha tiketi, kwa kuwa yeye ameshajibu maswali ya wateja mara nyingi kiasi cha kuyajua kabla hayajamalizika kuulizwa. Watu waliuliza kama basi ni la siti mbili kwa mbili au mbili kwa tatu. Waliuliza kama gunia la mchele linalipiwa, kama basi linaingia stendi ya Singida au linapita barabarani tu, kama mtoto wa miaka minne atakaa kwenye siti yake. Hakuna hata mmoja aliyeuliza juu ya starehe.

Simu moja ndiyo iliyobadilisha kazi nzima. Mkatisha tiketi alimwomba mpigaji ruhusa ya kufungua spika ili nami nisikie, naye akakubali bila wasiwasi.

“Dada, nataka kumkatia mama tiketi. Yuko Nzega, anakuja huku Jumamosi. Hapa kwenye tovuti yenu wanataka namba ya simu. Nikiweka yangu, yeye atapandaje?”

“Weka ya mama.”

“Nikiweka ya mama, ule ujumbe wa kuweka namba ya siri si utamwendea yeye? Yeye hana hela kwenye simu, ndiyo maana nalipa mimi.”

“Basi lipa kwenye Lipa Namba yetu, kaka, nitakuandikia mimi.”

Akakata simu, akanigeukia. “Hao ndio wengi. Pale pa namba ya simu ndipo wanapokwama, halafu wananipigia mimi.”

Fomu ilikuwa na nafasi moja ya namba ya simu, na nafasi hiyo ilibebeshwa kazi mbili: kuomba malipo na kupeleka tiketi. Aliyeisanifu alikuwa akimfikiria Brian, anayejinunulia mwenyewe, anayelipa mwenyewe na kusafiri mwenyewe. Watu tuliowasikiliza waliishi katika mpangilio mwingine kabisa, ambamo kijana aliye mjini hulipa, mzazi aliye mkoani husafiri, na katikati yao kuna mjukuu anayesoma ujumbe, jirani mwenye simu janja, au wakala wa tiketi. Tangu hapo nimeacha kumwandika mteja wa mfano akiwa peke yake. Kwa huduma nyingi za kwetu, iwe ni nauli, ada ya shule, dawa au mbolea, anayetoa fedha na anayepokea huduma ni watu wawili, na karatasi inayomweleza mmoja wao tu huzaa fomu iliyo nusu.

Tukawaandika wawili pamoja, kwenye karatasi moja. Masanja ni fundi wa kuchomelea vyuma huko Tabata. Hukata tiketi jioni akishafunga kazi, kwa simu yenye kioo kilichopasuka na bando la siku linaloelekea kwisha. Anahofia mambo mawili: hela iende na tiketi isije, na mama aachwe na basi. Mama Masanja anakaa nje kidogo ya Nzega na ana kitochi, ile simu ndogo ya vitufe. Hataingia kwenye tovuti hata siku moja, lakini ndiye atakayesimama stendi akiwa na ile tiketi. Anahitaji kujua siku, saa, mahali pa kupandia na siti. Hayo ndiyo yote tuliyoyaandika, na hatukuweka picha. Tulikuwa tumewaeleza waliozungumza nasi kwamba majina na namba zao hazitahifadhiwa, nasi hatukuzihifadhi. Tangu Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika, hilo si suala la adabu pekee. Masanja hakuwa yule kijana wa kwenye simu, bali mjumuiko wa wengi waliosema maneno yanayofanana.

Kuanzia hapo usanifu ukaenda kwa kasi ambayo sikuizoea. Fomu ikapata namba mbili, ya anayelipa na ya msafiri, pamoja na kisanduku kidogo cha kuweka alama kwa anayejikatia mwenyewe. Nafasi ya barua pepe ikaondolewa, maana si Masanja wala mama yake aliyekuwa na shughuli nayo. Tiketi ikapelekwa kwa ujumbe mfupi kwenye simu zote mbili, na kwa kuwa ujumbe mmoja una nafasi ya herufi 160 tu, tulilazimika kukubaliana ni nini kitangulie. Tofauti na ujumbe wa zamani, ulioanza kwa jina la kampuni, shukrani na kaulimbiu, huu ulisomeka hivi:

“TIKETI 4K7B. Mama Masanja. Jumamosi 15/06 saa 4:00 ASUBUHI. Panda stendi ya Nzega, fika saa 3:30. Siti C3. IMELIPWA.”

Saa zilitugharimu mjadala mrefu kuliko jambo lingine lolote. Mfumo wa zamani uliandika 10:00 kwa basi linalopita Nzega saa nne asubuhi, na mtu akisomewa tarakimu hizo kwa simu husikia saa kumi, kisha hujiuliza kama ni saa kumi ya alfajiri au ya jioni. Mkatisha tiketi alikuwa na visa vya abiria waliofika stendi wakati basi lao limekwisha kuvuka Singida. Watengeneza mfumo walipendelea saa ishirini na nne, ambazo ni safi na hazina utata ndani ya kompyuta, na walikuwa na haki kwa upande wa kompyuta. Tukabakiza saa hizo ndani ya mfumo, na popote penye macho ya Masanja au mama yake tukaandika saa za Kiswahili pamoja na sehemu ya siku.

Safari za usiku zilikuwa ngumu zaidi. Mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, kampuni iliweka basi linaloondoka saa saba usiku. Kwenye kalenda ya tovuti, safari ya saa saba usiku baada ya Ijumaa imo ndani ya Jumamosi, lakini Masanja anayetaka mama asafiri “Ijumaa usiku” atagusa Ijumaa, na atakuwa amekata tiketi ya basi lililoondoka, au linaloondoka, siku nzima kabla ya lile analolitaka. Dawa yake ilikuwa tayari midomoni mwa kila mtu, kwani kila taarifa ya habari husema “usiku wa kuamkia Jumamosi”. Tukayaweka maneno hayo kwenye kitufe cha safari na kwenye ujumbe wa tiketi, na kabla ya malipo mfumo ukauliza swali moja: “Basi hili linaondoka usiku wa kuamkia Jumamosi. Ndilo unalolitaka?”

Hofu ya hela kupotea nayo ilipata jibu lake. Malipo ya simu hayarudishi majibu papo hapo kila mara, na mtu anayeona ukurasa umesimama hulipa tena, au hukimbilia kupiga simu ofisini. Tukaweka maneno yaliyo wazi, kwa maandishi makubwa: “Usilipe tena. Tunasubiri jibu la malipo yako.” Rangi tulizichagua kwa kufuata mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazosomeka na kila mtu, unaotaka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa uwiano wa 4.5 kwa 1 au zaidi, kisha tukausoma ukurasa huo kituoni Mbezi saa saba mchana, mahali ambapo kijivu hafifu kinachopendwa na wasanifu hakionekani kabisa.

Mteja wa mfano alitufaa pia katika kukataa, na huko ndiko niliko na la kusema zaidi. Mwenye kampuni alitaka ukurasa wa mwanzo ufunguke kwa video ya basi jipya likipanda mlima huku muziki unapigwa. Nisingekuwa na Masanja, ubishi ungekuwa kati ya ladha yangu na ladha yake, na mwenye fedha hashindwi katika ubishi wa namna hiyo. Nilimwambia, “Mzee, Masanja ana bando la siku limebaki robo. Hii video itakula alichobakiza kabla hajaona nauli.” Akanyamaza, kisha akauliza kama Masanja hapendi kuona basi zuri. Swali lilikuwa la haki. Tuliporudi kwenye maelezo yetu tukakuta watu wengi wameuliza mpangilio wa siti, basi tukaweka picha mbili nyepesi za ndani ya basi, zinazoonyesha mbili kwa mbili, pale pale penye kuchagua siti. Video ikaenda kwenye kurasa za kampuni za mitandao ya kijamii, na huko nasikia imefanya vizuri.

Yeye naye alitufundisha jambo. Alilalamika kwamba karatasi yetu haikumgusa mfanyabiashara anayetoka Mwanza kuja Kariakoo kufunga mzigo, mtu anayesafiri mara kwa mara na kujua mabasi kuliko sisi. Alisema kweli. Mfanyabiashara huyo hakuhitaji maelezo ya kupandia wala ya saa, bali alihitaji kurudia safari ya mara iliyopita kwa mguso mmoja na kujua bei ya mzigo kabla hajafika. Tulimpa alichokihitaji bila kuugusa mpangilio wa Masanja. Wakala wa tiketi alikuwa suala lingine. Yeye huandika tiketi nyingi mfululizo huku abiria wamemzunguka, hivyo maswali yote ya upole tuliyomwekea Masanja kwake yalikuwa kero. Shauri la kwanza katika timu lilikuwa kutafuta fomu moja itakayowaridhisha wote. Nililipinga, kwa sababu fomu ya hivyo humkera kila mmoja kwa kiasi chake. Wakala akatengenezewa ukurasa wake, usio na mapambo, ambao unaendeshwa kwa kibodi kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kuna hatari niliyoiona ikichipuka mapema. Jina la Masanja lilipozoeleka, kila mtu akaanza kumsemea. Mchora picha alisema Masanja hapendi bluu. Mtengeneza mfumo alisema Masanja hatajali kama ukurasa wa kurejesha fedha utachelewa mwezi mmoja, ingawa tuliowasikia walijali mno suala la fedha zao. Tukaweka sharti kwamba anayemtaja Masanja kikaoni aonyeshe ni mazungumzo gani katika daftari yanayobeba maneno yake. Asipoweza, aseme “mimi nadhani”, nasi tutamjadili yeye. Vikao vilifupika kwa namna ya kustaajabisha. Aidha, Masanja hakuwahi kuchukua nafasi ya majaribio na watu halisi, kwa kuwa mtu wa kubuni hana vidole, na kisanduku chetu cha “najikatia mwenyewe” kilionekana tu kuwa kidogo mno pale fundi halisi mwenye vidole vya kazi alipojaribu kukigusa.

Karatasi hiyo ilianza kuchakaa pale treni ya umeme ya reli ya kisasa (SGR) ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, na kufika Dodoma mwezi uliofuata. Mkatisha tiketi ndiye aliyeniarifu kwamba maswali yamebadilika. Wapigaji wa safari za Nzega na Singida walianza kuuliza basi linafika Dodoma saa ngapi, na mama atashuka mbali kiasi gani na stesheni. Masanja alikuwa anampangia mama yake safari ya vipande viwili, na cha pili hakikuwa chetu.

Mwenye kampuni hakutaka neno treni lionekane kwenye tovuti yake, na sikumlaumu. Nilimweleza kwamba Masanja ameshaamua, na kwamba kinachobaki ni kama atamkatia mama basi linalomwambia saa ya kufika Dodoma au lile lisilomwambia. Alikubali tuweke makadirio ya saa za kufika katika kila kituo, yakiwa na neno “takriban” mbele yake. Ugumu uliofuata ulikuwa wa nauli, kwa sababu mfumo ulijua kuuza safari ya Nzega hadi Dar es Salaam pekee, na aliyetaka kushuka Dodoma alitozwa ya safari nzima au alielewana na kondakta njiani. Kwa kuwa nauli kikomo za LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, hupangwa kwa kilomita, kuzigawa kwa vipande kuliwezekana, ila kulihitaji orodha ya siti inayojua kwamba C3 inakuwa wazi tena kuanzia Dodoma. Sehemu hiyo ndiyo iliyo mezani kwa watengeneza mfumo kwa sasa, na kwenye karatasi ya Masanja, chini ya hofu zake mbili, tumeongeza ya tatu, pamoja na tarehe tuliyoisikia kwa mara ya kwanza: basi likichelewa Manyoni, mama atalala wapi.